Podo la Mchanga wa Athi

Tone la damu lilikuwa dogo mno, lakini Mzee Kiema alipoliona kwenye kidole cha mke wa mwanawe, aliitupa fimbo yake sakafuni akamrukia kama kijana.

"Usisonge! Mama Muthoki, usisonge hata kidogo! Na hicho kidole usikitie mdomoni!"

Gakenia alikuwa tayari amekiinua kidole kwenda kukinyonya. Alikishusha polepole.

Mezani palikuwa na kichwa cha mshale ambacho dakika chache nyuma alikuwa akikifungua kutoka kwenye ukanda wa ngozi uliokizunguka, akitaka tu kuona umbo lake. Kilikuwa kimemdunga. Kando yake lilikuwa podo, ule mfuko mrefu wa ngozi wa kubebea mishale, ambalo yeye na wifi yake Nzisa walilikuta limetokeza kwenye ukingo wa Mto Athi siku walipokuwa wakizunguka mchangani kuokota vitu vilivyoachwa na mafuriko. Walienda kutafuta magogo ya kupambia hoteli yao. Walirudi na hilo.

Mzee Kiema alimshika mkono. Hilo peke yake lilimtisha Gakenia kuliko kelele zake. Tangu aolewe na Nzau, baba mkwe wake hakuwahi kumgusa hata kwa salamu. Kwa Wakamba wa rika lake, mke wa mwanao humkaribii hivyo, ni aibu. Leo aliukamata mkono, akauinamisha chini na kukikamua kidole hadi kikawa cheupe.

"Nzisa! Leta maji! Mengi!"

Nzisa aliingia na jerikani, maji yakimwagikia sketi. "Nau, kuna nini?" alimuuliza babake kwa Kikamba.

"Sumu!" Mzee alijibu bila kuinua macho. "Mnafikiri ngozi hufungwa kwenye mshale iwe pambo? Inafungwa ili sumu isikauke. Ikiingia kwenye damu, moyo unasimama. Ndovu anaanguka, sembuse mtu!"

Gakenia aliusikia moyo wake. Ulikuwa ukipiga mbio, ukirukaruka kama kuku aliyefungwa miguu. Je, hiyo ilikuwa sumu, au ilikuwa hofu? Angejuaje?

"Lakini imekaa mchangani miaka na miaka," Nzisa alisema. "Si itakuwa imekufa?"

"Nipe wembe."

"Wembe wa nini?"

"Nipe wembe, Nzisa!"

Mzee Kiema alikunja mkono wa shati na kujichanja karibu na kiwiko. Damu ikatoka, ikateremka kama uzi mwekundu hadi kwenye kifundo cha mkono. Nzisa alipiga yowe. Babake hakumsikiliza. Aliuchukua ule mshale na kuishika ncha yake karibu kabisa na mkia wa damu, chini, mbali na jeraha.

"Kaa na kitambaa tayari," alimwambia bintiye. "Sumu ikiwa hai, damu itageuka nyeusi na kupanda juu. Ukiona imeanza kupanda, pangusa. Usingoje nikuambie. Ikifika kwenye jeraha nimekwisha."

Akaigusa damu.

Watatu hao walikodoa macho kwenye mkono wa mzee. Jogoo aliwika uani na Gakenia akashtuka nusura aanguke.

Damu ilibaki nyekundu.

"Imekufa," mzee alisema, akashusha pumzi. "Nafikiri imekufa."

"Unafikiri?" Nzisa alifoka.

"Mimi si daktari. Ita pikipiki!"

Hospitalini Kibwezi, nesi alimlaza Gakenia, akamfunga mitambo kifuani, akatazama, akatazama tena. Gakenia alikuwa akisoma uso wa nesi kama mtu anayesoma hukumu yake.

"Moyo wako unakimbia, mama," nesi alisema mwishowe. "Lakini unakimbia sawasawa. Huku ni kuogopa. Lala hapa tukuangalie kidogo, halafu utaenda nyumbani."

Gakenia alilia, machozi ya mtu aliyekuwa ameanza kuwaaga watoto wake kimoyomoyo. Alitaka kumpigia Nzau, aliyekuwa safarini na lori lake, lakini atamwambia nini? Kwamba ameokota vitu mtoni, vikataka kumuua?

Nzisa aliketi kando ya kitanda akichezea simu. Alikuwa na ule uso wake wa mtu mwenye la kusema na asiyetaka kulisema.

"Sema," Gakenia alimwambia.

"Nilituma picha. Ya podo. Kwa kundi la wasap la akina mama wa kanisa."

"Nzisa!"

"Nilitaka tu ushauri! Wengine wanasema tuchome, eti ni vitu vya mashetani. Mama mmoja anasema kuna Mzungu Nairobi hununua. Mwingine anasema twende kwa watu wa makumbusho."

"Huyo wa mwisho ndiye mwenye akili. Vitu vya kale ni vya nchi. Hatuna ruhusa ya kuuza wala kuchoma. Tunapeleka kwa chifu, chifu anawaita."

"Ngoja. Kuna mwingine." Nzisa alimpa simu.

Ilikuwa namba isiyo na jina. Ujumbe ulikuwa mfupi. *Msiuze. Msichome. Niambieni mlilitoa wapi.*

Gakenia aliusoma ujumbe mara mbili. "Ni nani huyu?"

"Sijui."

"Hukumjibu, sivyo?"

Nzisa alijaribu kuichukua simu.

"Nzisa, hukumjibu!"

"Nilimwambia ni chini ya daraja, upande wetu, pale mkuyu ulipoanguka. Nilifikiri ni mtu wa makumbusho, dada. Ameuliza kama mtu wa serikali."

Alasiri waliporuhusiwa kuondoka, Gakenia alikuwa ameshaamua. Angelifunga podo kwenye gunia, alipeleke kwa chifu siku hiyo hiyo, aachane na mambo ya mchangani maisha yake yote.

Lakini walipoingia bomani walikuta kuni zimepangwa katikati ya uwanja. Juu ya kuni lilikuwa podo pamoja na mishale yake. Mzee Kiema, mkono umefungwa kitambaa, alikuwa akifungua kibuyu cha mafuta ya taa.

Gakenia hakufikiri. Alikimbia, akalinyakua podo na kulikumbatia kifuani, mishale na yote.

"Lirudishe," mzee alisema.

"Hapana, baba."

"Nimesema lirudishe! Hicho kitu kimetaka kukuua leo!"

"Kwa hivyo tukipeleke kwa wanaojua kukishika! Kwa nini uchome? Wewe si mtu wa kuogopa mashetani, baba. Wewe ni mzee wa kanisa. Unachoma nini?"

Mzee Kiema alibaki na kibuyu mkononi. Halafu alionyesha mti wa mshale mmoja, pale palipochongwa mistari midogo iliyopindwa mwisho kama ndoana.

"Unaona hizo alama? Kila mwindaji alikuwa na zake, ili mnyama akianguka watu wajue ni wa nani. Hizo ni za mtu ambaye jina lake halitajwi katika boma hili."

Nzisa aliutupa mkoba wake chini. "Ndululu," alisema.

Lilitoka kama tusi. Gakenia aliwahi kulisikia jina hilo mara moja tu, kutoka kwa Nzau, usiku wa kwanza walipokuwa wakiambiana habari za jamaa zao. Ilikuwa mwaka wa ile njaa kubwa ya themanini na nne, mwaka ambao watu wa huku walikufa njaa na pesa wameshika mkononi kwa kukosa chakula cha kununua. Kiema alikuwa na mke, Mutindi, na Mutindi alikuwa akimnyonyesha Nzisa. Siku moja Mutindi alimwachia jirani mtoto akasema anakwenda mtoni. Hakurudi. Siku hiyo hiyo alipotea Ndululu, mwindaji wa upande wa Ikutha. Habari zikaja kwamba wawili hao wameonekana wakipanda basi kwenda Mombasa. Kiema alikaa miaka na aibu yake, kisha akaoa Muthoki, mamake Nzau, ambaye sasa ni marehemu na ndiye binti ya Gakenia aliyepewa jina lake. Nzisa alikua akijulikana kijijini kote kama mtoto aliyeachwa na mamake akiwa bado ananyonya, kwa sababu ya mwanamume.

"Choma, Nau," Nzisa alisema. Macho yake yalikuwa makavu, makali. "Leta kiberiti mimi mwenyewe nichome."

"Ngojeni," Gakenia alisema. Kulikuwa na jambo lililokuwa likimkera kichwani tangu hospitalini, na sasa alilikamata. "Mtu anayetorokea Mombasa anaachaje podo lake mtoni?"

"Alilitupa," Nzisa alijibu. "Mombasa kuna ndovu?"

"Na mishale yenye sumu ndani? Baba, mwindaji hutupa sumu namna hiyo, mahali watoto wanateka maji?"

Mzee Kiema aliitazama tena ile mishale. Kibuyu kilianza kumwaga mafuta kwenye viatu vyake na yeye hakuona.

"Hapana," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu hatupi sumu. Anampa nduguye, au anaifukia mbali. Na podo... mwindaji hatembei bila podo lake. Hata akienda Mombasa."

Gakenia aliona wazo lile lile likiingia katika nyuso mbili mbele yake, na hofu ikaingia pamoja nalo.

"Podo halikuwa limetupwa," alisema. "Lilikuwa ndani ya ukingo, chini sana. Lilikuwa limefukiwa. Na kuna mtu tumeshamwambia ni wapi."

Mto Athi ulikuwa umepungua, lakini maji yalikuwa bado ya rangi ya udongo na yalikuwa yakinguruma katikati. Huku kando, mchanga ulikuwa umelala mpana na mlaini, umejaa matawi, makopo, kandambili za plastiki na mizoga ya samaki. Walikuja watatu. Gakenia alikuwa amelibeba podo kwenye gunia, maana hakuthubutu kuliacha nyumbani. Kila hatua alikuwa akitazama maji, akikumbuka kwamba mamba nao hupenda mchanga.

Pale kwenye mkuyu ulioanguka, mtu alikuwa akichimba.

Alikuwa mwanamume mnene wa kifua, fulana imelowa, beleshi likipanda na kushuka. Alipowasikia aligeuka ghafla na kulinyanyua beleshi juu ya bega.

"Simameni hapo hapo!"

Walisimama.

"Nani kati yenu ana podo?"

"Mimi," Gakenia alisema. Aliliinua gunia. "Liko hapa. Tulitaka kulipeleka kwa chifu. Chukua ukitaka. Tuache tu twende."

"Na huyu mzee ni nani?"

"Naitwa Kiema," mzee alijibu mwenyewe.

Yule mtu akacheka, kicheko kibaya kisichokuwa na furaha ndani yake. "Kiema! Umekuja mwenyewe kwa miguu yako! Mimi ni Kaloki. Mtoto wa Ndululu."

Alipiga hatua mbele na beleshi lake. Nzisa alijitupa kati yake na babake.

"Baba yako alimwiba mama yangu!" alimpigia kelele. "Unatutafutia nini?"

"Baba yangu hakumwiba mtu! Mama yangu alikufa akisema hivyo. Alisema huyu mwanamume hawezi kuondoka bila podo lake, hawezi. Watu walimcheka mpaka akaingia kaburini. Halafu leo naona picha ya podo kwenye simu ya mke wangu, na ukanda wake ni ule mama aliusuka kwa mkono wake." Alionyesha shimo kwa beleshi. "Njooni muone kama alienda Mombasa!"

Gakenia hakutaka kuona. Miguu ilimpeleka tu.

Ndani ya shimo kulikuwa na mifupa. Ilikuwa ya kahawia, imeshikana na mchanga kama mizizi. Fuvu lilikuwa limelala ubavu. Nyuma yake lilikuwa na tundu, pana, lenye nyufa kandokando. Hilo halikuwa tundu la mshale. Mtu huyo alikuwa amepigwa na kitu kizito.

Gakenia alilitua gunia chini kwa mikono miwili, kama mtu anayelaza mtoto. Alitamani asingalitoka nyumbani siku ile kutafuta magogo.

"Sasa useme," Kaloki alimwambia mzee. "Ulimpigia nini?"

"Mimi sikujua kwamba amekufa," Mzee Kiema alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikimwombea mabaya huyu mtu, akiwa hapa."

"Mwongo!"

"Kaloki," Gakenia alisema ghafla. "Kaloki, tazama pale."

Wakati Kaloki akipiga kelele, mchanga wa ukingo ulikuwa ukiporomoka polepole upande wa pili wa shimo. Kipande kikubwa kilianguka na kutandaza vumbi. Kilipotulia, mkono ulikuwa umetokeza, mifupa mitupu, na kwenye mfupa wa mkono palikuwa na bangili ya shaba iliyosokotwa kama kamba.

"Wako wawili," Kaloki alisema, beleshi likashuka.

Mzee Kiema aliteremka shimoni. Hakuna aliyemzuia. Alipiga magoti, akapangusa bangili kwa kidole gumba mpaka ikang'aa kidogo, na alipoinua uso ulikuwa uso wa mtu mwingine.

"Hii niliisokota mimi," alisema. "Niliipata ile waya kwa mafundi wa reli. Nilimvisha siku ya harusi na ikakataa kutoka tena. Mutindi. Mutindi wangu."

Nzisa alisimama ukingoni. Gakenia alimshika kiuno kwa kuogopa ataanguka ndani. Alitarajia yowe. Nzisa hakupiga yowe.

"Kwa hivyo hakuniacha," alisema. "Dada, hakuniacha. Alikuwa hapa. Mimi nakuja kuchota maji hapa tangu nikiwa mtoto." Kisha akaanza kumwita mamake kwa Kikamba, taratibu, kama mtu anayemwamsha aliyelala. "Mwaitu. Mwaitu."

Kaloki alijifuta uso kwa fulana. Alikuwa amekuja kutafuta adui, na sasa mbele yake alikuwa binti ambaye mamake alilala shimo moja na baba yake yeye. Hakujua aweke wapi hasira yake.

"Hakuna mtu kugusa kitu kingine chochote," Gakenia alisema. Aliitoa simu yake. "Baba, toka humo, tafadhali. Hivi si vitu vya kale tena, vya makumbusho wala vya kuchoma. Hawa waliuawa. Podo, mishale, bangili, kila kitu kinabaki kama kilivyo, na mimi napigia polisi sasa hivi."

"Pigia," Kaloki alisema. "Lakini kwanza huyu mzee anijibu kitu kimoja mbele yenu. Watu wawili wamelala hapa. Nani alisema amewaona wakipanda basi? Kuna mtu aliyesema. Mama yangu hakuwahi kuambiwa jina lake."

Mzee Kiema alikuwa amekwishatoka shimoni. Alitazama maji. Alimtazama Nzisa. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Gakenia awe mke wa boma lake, alimtazama mkwewe machoni.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Nikusamehe nini, baba?"

"Kulikuwa na Mkikuyu kijana mwenye duka pale kituo cha basi Kibwezi. Wawindaji wote tulimjua, alikuwa akinunua meno ya ndovu kwa siri. Alinifuata mpaka nyumbani, akanishika bega, akaniambia amewaona kwa macho yake wakipanda basi la Mombasa wamebeba mizigo. Alilia na mimi. Nilimwamini. Ndiyo maana Nzau aliponiambia anataka kuoa kwake, nilifurahi."

Mto uliendelea kunguruma. Gakenia alisikia kila neno na hakutaka kuelewa hata moja.

"Chege," mzee alisema. "Ni Chege aliyeniambia. Baba yako."

"Hapana." Gakenia alitikisa kichwa. "Baba yangu hawezi kudanganya kitu kama hicho. Labda aliona watu wengine akafikiri ni wao. Labda naye aliambiwa. Nitampigia. Nitampigia sasa hivi na mtasikia wenyewe."

Alikosea, akafuta, akatafuta tena jina, akaiweka simu kwa sauti ya juu na kuishika mbele yake ili wote wasikie. Iliita. Babake alikuwa amezeeka sasa, akilima maembe yake huko Tawa pamoja na Wariara, mamake Gakenia, na saa kama hizo huwa ameketi barazani na redio.

"Gakenia, mami!" sauti ya Chege ilikuja, changamfu, redio ikiimba nyuma yake. "Umeshinda aje? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba." Gakenia aliisogeza simu karibu na mdomo. "Baba, niko mtoni. Athi. Hapa chini ya daraja, kwenye ule mkuyu. Mafuriko yamekata ukingo wote."

Redio ilizimwa.

Pumzi za Chege zilisikika kwenye simu, nzito, kama za mtu aliyepanda mlima. Nzisa alimkazia macho. Kaloki alisogea karibu. Gakenia aliomba kimoyomoyo babake aulize tu kama yuko salama, au kama maji yamepungua, aulize chochote.

"Mmempata mmoja," Chege aliuliza taratibu, "ama wote wawili?"